Wawili Kwenye Kioo Kimoja

Katika sharika zetu tumezoea kuzungumza juu ya gemu kama tunavyozungumza juu ya pombe: nani anatumia, anatumia muda gani, na fedha kaitoa wapi. Maswali hayo ni halali. Mzazi aliyempa mtoto nauli ana haki ya kujua iliishia wapi. Lakini lipo swali moja ambalo hatuliulizi: gemu yenyewe inasema nini? Kitabu tunakisoma kabla ya kukihukumu. Wimbo mpya wa kwaya tunausikiliza na kuyapima maneno yake kabla haujaimbwa ibadani. Gemu tunaihukumu tukiwa tumesimama mlangoni.

Tunaandika haya kwa sababu hapa Nachingwea limeletwa pendekezo mbele ya wazee wa kanisa, kwamba mwanafunzi wa kipaimara atakayeonekana kwenye kibanda cha gemu arudishwe nyuma mwaka mmoja. Kumrudisha mtoto nyuma si jambo dogo. Wakati mwingine nguo nyeupe imeshashonwa, ndugu wa Masasi na Dar es Salaam wameshaalikwa, na mtoto mwenyewe siku hiyo ataketi kwenye benchi akiwatazama wenzake wakipiga magoti. Kabla ya kumfanyia mtu jambo la namna hiyo, ni wajibu wetu kujua anafanya nini mle ndani. Kwa hiyo tumeichukua gemu moja, ile ambayo wazazi wanaitaja kwa hofu kuliko zote, tumeitazama ikichezwa, tumeicheza, na hapa tunaipima kwa Neno la Mungu na kwa Katekisimo.

Gemu hiyo ni Grand Theft Auto: San Andreas. Vijana wanaiita GTA tu. Jina lake limetokana na lugha ya kisheria ya Marekani, na maana yake ni kosa la kuiba gari. Kampuni ya Rockstar Games iliitoa Oktoba 2004 kwa ajili ya mashine ya PlayStation 2, na mwaka 2013 ikaingia kwenye simu. Ni ya zamani basi, lakini mashine kuukuu hazifi upesi katika wilaya zetu, na mtoto aliyezaliwa baada ya gemu hii anaijua kama anavyojua njia ya kwenda shule.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kushika pedi, tueleze kidogo. Gemu nyingi zina njia moja: unatoka hapa, unafika pale, umemaliza. Hii ni ulimwengu ulio wazi. Ina miji mitatu iliyoundwa kwa mfano wa Los Angeles, San Francisco na Las Vegas, na katikati yake kuna mashamba, milima na jangwa. Mchezaji anakwenda kwa miguu, kwa baiskeli, kwa gari, hata kwa ndege. Barabarani kuna watu wanaotembea, wanaoendesha magari, wanaogombana. Akivunja sheria, nyota zinatokea pembeni mwa kioo na polisi wanamfuata, na kadiri nyota zinavyoongezeka ndivyo wanavyokuja kwa wingi na kwa silaha nzito.

Ndani ya ulimwengu huo kuna hadithi, na tuseme ukweli, hadithi hiyo si ya kijinga. Mwaka ni 1992. Kijana mmoja, Carl Johnson, ambaye watoto wetu wanamwita CJ, anarudi nyumbani Los Santos baada ya miaka mitano ugenini. Anarudi kuzika. Mama yake ameuawa kwa risasi zilizopigwa kutoka kwenye gari lililokuwa likipita. Waliopiga walikuwa wakimtafuta kaka yake, naye mama akapatwa. Hata kabla CJ hajafika msibani, polisi wala rushwa wanamsimamisha njiani na kumnyang'anya fedha zake. Mtaa aliouacha umeharibiwa na dawa za kulevya. Baadaye anagundua kwamba rafiki zake wawili wa utotoni, aliokaa nao mezani, wamejiunga kwa siri na maadui. Ni hadithi ya msiba, ya umaskini na ya usaliti. Mhubiri akiisikia atatambua mambo mengi anayoyajua kutoka mitaa ya kwetu.

Hata hivyo, hadithi hiyo sicho tunachokiona zaidi vibandani. Tunachokiona ni vijana wawili, kila mmoja na pedi yake, wakicheza pamoja. Toleo la PlayStation 2 lina sehemu ndogo ya wachezaji wawili: zipo alama zilizowekwa mahali mbalimbali kwenye ramani, CJ akifika kwenye alama hiyo, rafiki anaweza kuingia. Hapo ndipo makelele ya kibandani yanapoanzia, na hapo ndipo ukosoaji wetu unapotaka kusimama.

Tuanze na uzuri wake. Kioo ni kimoja, hakigawanywi. Wachezaji wawili hawawezi kuachana mbali. Mmoja akitaka kukimbilia mbele, gemu inamzuia mpaka mwenzake afike. Wakipanda gari, mmoja anashika usukani na mwingine anabaki na silaha. Mmoja akifa au akikamatwa, mchezo wa wawili umekwisha kwa wote. Tumewaona vijana wenye haraka, ambao darasani hawawezi kumngoja mwenzao amalize kusoma mstari mmoja, wakijifunza kungoja: "Subiri, subiri, sijapanda!" Na mwenzake anasubiri. Tumemwona mkubwa akimshika mdogo vidole na kumwonyesha kitufe cha kurukia. Asemaye kwamba mle ndani hakuna urafiki hajaketi kwenye lile benchi. Urafiki upo, na ni wa kweli.

Swali letu ni hili: gemu inaupa urafiki huo kazi gani?

Jibu linashangaza. Hadithi ya CJ haichezwi na wawili. Msiba, usaliti, kuurudisha mtaa mikononi mwa wenyewe, yote hayo mchezaji anayapitia peke yake. Rafiki anapoingia, hadithi inasimama. Wawili wale wanaruhusiwa kuzurura tu, au kuingia kwenye mashindano ya kuharibu na kuua kadiri wawezavyo kwa muda waliopewa. Watunzi walipoandika juu ya marafiki, waliandika usaliti. Walipowapa marafiki wa kweli nafasi ya kucheza bega kwa bega, hawakuwapa lolote la kujenga wala la kumlinda mtu. Waliwapa gari, bunduki na barabara iliyojaa wapita njia.

Wapita njia hao ndio wanaotuhusu. Hawana majina. Wanatembea na mifuko yao, wanasema maneno mawili matatu, wanagongwa. Mchezaji akisogea mbali kidogo au akigeukia upande mwingine, mwili umetoweka na damu imetoweka, na mtu mwingine anatembea pale pale. Hakuna anayelia, hakuna matanga. Mchezaji mwenyewe akiuawa, anaamka nje ya hospitali, amepungukiwa dola mia moja na silaha zake. Katika ulimwengu huo kifo chako ni dola mia, na kifo cha mpita njia ni bure.

Sasa tuviweke viwili hivi pamoja. Hadithi ya gemu hii inaanza na mama aliyeuawa na watu waliokuwa pamoja ndani ya gari, mmoja akiendesha, wenzake wakipiga risasi, na mama huyo hakuwa hata ndiye waliyemtafuta. Watunzi wanataka tuuone msiba huo, tumwonee huruma mwanawe, tusimame naye makaburini. Kisha katika sehemu ya wawili wanawapa watoto wetu gari lile lile: mmoja aendeshe, mwenzake apige. Safari hii mama anayeanguka hana jina, hana mwana anayepanda ndege kuja kumzika. Gemu imekisahau kilio chake yenyewe. Huo ndio upungufu wake mkubwa kama kazi ya sanaa, kabla hata hatujafika kwenye amri ya Mungu. Ilijua thamani ya mpita njia mmoja, ikajenga juu yake hadithi nzima, halafu ikaitupa thamani hiyo pale rafiki aliposhika pedi ya pili.

Tuliwauliza wanafunzi wa kipaimara jambo hili darasani. Tuliwauliza: yule mwanamke anayevuka barabara, wakati ninyi wawili mnakuja na gari, ni nani? Walicheka. Mmoja akajibu, "Hayupo, Mchungaji. Ni wa gemu tu." Baada ya kimya kidogo mwingine akasema, "Hata mama yake CJ ni wa gemu tu, mbona pale tunahuzunika?" Hatukuwa na la kuongeza siku ile. Mtoto alikuwa amefika mahali ambapo insha hii inajitahidi kufika.

Wapo watakaosema tunakuza mambo. Katika bao la kete watu wanatekana na hatuwaiti wauaji. Ni kweli, na tunaipenda hoja hiyo, maana inatusaidia. Katika bao, anayetekwa ameketi mbele yako. Ni jirani yako, ana jina, atacheka au atanuna, na kesho atalipiza. Hata gemu ya mpira, ambayo ndiyo inayoongoza vibandani kwetu, ina mpinzani anayepumua kando yako. Katika sehemu hii ya GTA mpinzani hayupo. Wapo marafiki wawili, na upo umati usiohesabiwa.

Wengine watauliza kama gemu hii inawafanya watoto kuwa majambazi. Hatusemi hivyo, na hatupendi mahubiri yanayosema hivyo bila ushahidi. Wakazi wa Dar es Salaam walipoishi kwa hofu ya vikundi vya Panya Road, watu walitafuta haraka cha kulaumu. Lakini Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani mwaka 2020 kilieleza tena kwamba ushahidi hautoshi kusema gemu za vurugu zinaleta vitendo vya vurugu. Kilichoonekana ni uhusiano mdogo na ukali wa kawaida, kama kufoka na kusukumana. Kanisa lisiwe na haya kukubali ukweli unaotoka nje ya kanisa. Hoja yetu haisimami juu ya takwimu za uhalifu. Inasimama juu ya mazoezi ya moyo: tunapokuwa pamoja na tunayempenda, macho yetu yanajifunza kumwona nani, na kutomwona nani?

Sisi wa Nachingwea tunao mfano wa karibu, na hauna gemu ndani yake. Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango mkubwa wa karanga huko Kongwa, Urambo na hapa kwetu. Walikuja na matrekta ya kung'oa misitu, wengi wao wakiwa askari waliotoka vitani, watu waliozoea kufanya kazi bega kwa bega. Ushirikiano haukuwapungukia. Lakini walilitazama pori kama ramani iliyo wazi, na mwenyeji aliyeijua mvua na udongo hakuhesabiwa katika mipango yao. Kufikia 1951 mpango ulikuwa umevunjika. Reli iliyojengwa kutoka Mtwara hadi huku ilikuja kung'olewa miaka ya 1960. Wao waliondoka, lakini ardhi iliyofyekwa haikutoweka walipogeuka nyuma. Aliyebaki kuishi juu yake ni yule yule ambaye hakuulizwa.

Kwa sababu hiyo hatuwezi kuuhesabu ushirikiano wowote kuwa ni ushirika. Anania na Safira walipatana vizuri katika Matendo ya Mitume sura ya 5. Wanyang'anyi katika mfano wa Msamaria Mwema walifanya kazi pamoja, na bila shaka waligawana. Ushirika wa watu wawili unapimwa kwa mtu wa tatu, yule anayekutana nao barabarani. Wakishapita, yeye yuko katika hali gani?

Luther alilijua jambo hili. Katika Katekisimo Ndogo ya 1529, anapoifafanua amri ya tano, haishii kwenye kutoua. Anaendelea mpaka kwenye kumsaidia jirani katika shida zote za mwili wake. Katika amri ya saba haishii kwenye kutoiba, anataka tumsaidie jirani kuitunza mali yake na riziki yake. Kila kijana wetu wa kipaimara anayakariri haya. Amri inayoonekana kama ukuta, Luther anaifungua kama mlango, na nje ya mlango huo amesimama jirani.

Ipo ndugu mdogo wa gemu hii, GTA Online, iliyoanza Oktoba 2013, inayochezwa kwa intaneti. Wachache wa vijana wetu walio vyuoni mijini wanaifahamu. Machi 2015 iliongezewa kazi kubwa za wizi zinazohitaji watu wanne: mmoja dereva, mwingine mfungua milango, kila mtu na wajibu wake, na mmoja akikosea wote wanaweza kurudi mwanzo. Kiongozi ndiye anayepanga kila mtu atachukua asilimia ngapi. Kwa ufundi wa kushirikiana, hatujaona katika gemu hizi kilicho bora zaidi. Ukiisoma Injili ya Marko sura ya 2 utakutana na wanne wengine, nao wanavunja kuingia ndani. Wanalibomoa paa la nyumba isiyo yao. Tofauti ni mtu wa tano. Wanne wa Kapernaumu wamembeba mtu aliyepooza, na paa linafunguka kwa ajili yake. Hawaondoki na asilimia yoyote. Wanaondoka na rafiki anayetembea.

Basi tuwaambie nini wazee kuhusu lile pendekezo?

Kwanza, umri. Gemu hii Marekani iliwekewa alama ya miaka 17, na Uingereza miaka 18. Ina matusi, ukahaba na dawa za kulevya, na mwaka 2005 ilizua kashfa kubwa baada ya kugundulika sehemu ya ngono iliyofichwa ndani yake. Mtoto wa darasa la kipaimara hapaswi kuicheza, na hapo hatuna mjadala. Wazazi wamwambie hivyo mwenye kibanda, kwa heshima na kwa uso. Wengi wa wenye vibandani ni vijana wetu wenyewe wanaotafuta riziki, na gemu ya mpira inawalisha vizuri tu.

Pili, adhabu. Kumrudisha mtoto nyuma mwaka mzima kwa kuonekana kibandani ni kumwadhibu kwa sababu ya mlango alioingia, bila kumwuliza alichokiona ndani. Kijana huyo atajifunza kuficha, na kujificha kunafundishika haraka kuliko Katekisimo. Tunashauri pendekezo hilo lisipitishwe.

Tatu, na hapa ndipo lawama inapogeukia upande wa kanisa. Tumesema gemu imeupa urafiki wa vijana gari na bunduki, haikuupa jirani. Je, usharika umeupa nini? Tunawafundisha vijana kwa mistari ya benchi, tunawahesabu mmoja mmoja, tunawauliza maswali mmoja mmoja. Marafiki wawili wakiketi pamoja tunawatenganisha ili wasipige soga. Kibanda cha gemu ndicho kilichoona kwamba wanataka kuwa wawili, kikawawekea pedi mbili.

Bwana wetu aliliona zamani. Sura ya 10 ya Luka inaanza kwa wanafunzi kutumwa wawili wawili, na sura hiyo hiyo ndiyo inayomleta mtu aliyelazwa barabarani nusu mfu. Wawili wanatumwa, na mtu yuko njiani. Hatuhitaji kubuni programu mpya. Msimu wa korosho unapofika, usharika una wajane ambao korosho zao zinabaki chini ya mikorosho kwa kukosa mikono ya kuziokota. Wapo wazee wasioweza kupanda juu ya paa kuziba panapovuja kabla ya masika. Wapo wagonjwa majumbani wanaosubiri mtu wa kuwachotea maji na kuwasomea Neno.

Tunapendekeza kila mwanafunzi wa kipaimara achague rafiki mmoja, na kila jozi ipewe mtu mmoja mwenye jina, kwa mwaka mzima, kila Jumamosi asubuhi. Wachague wenyewe. Na kama watakaochaguana ni wale wale wawili wa kibandani, tusiwatenganishe. Wameshajua kungojana. Jumamosi jioni, wakishamaliza, wakiwa bado na nguvu na shilingi mia chache, waende wakacheze mpira.